Pembe ya Mkuu wa Elfu

Katika toleo lililopita mlimwacha Zavid juu ya ukingo wa daraja, miguu peku, mikono imefungwa kamba mgongoni, na chini yake mto Verya ukisukuma mapande ya barafu ya mwezi wa Aprili. Mji mzima ulikuwa na neno moja tu mdomoni. "Mtoni! Mtoni!" Watumishi wanne wa Mkuu wa Mji walikuwa wameshamshika mabega. Kilichobaki ni kumsukuma.

Ndipo kengele ya baraza ikalia.

Ikalia tena, na tena, ovyo ovyo, kamba ikivutwa na mtu ambaye hajawahi kuivuta maishani mwake.

Watumishi wakasita. Si kwa huruma, msijidanganye. Ni sheria. Hapa Veretsk kengele ya baraza haina mwenyewe. Mtu huru yeyote anaweza kuivuta, na ikishalia hakuna hukumu inayotekelezwa mpaka aliyeivuta amalize kusema lake. Akionekana ameivuta kwa upuuzi, anatupwa mtoni yeye. Kwa hiyo watu hawaivuti kwa mchezo.

"Nani huyo?" alifoka Domazhir, Mkuu wa Mji, na kofia yake ya manyoya ikamteleza hadi kwenye nyusi. "Nani ameshika kamba?"

Watu wakageuza shingo kuelekea uwanja wa Soko, pale daraja linapoishia. Chini ya mnara wa kengele alisimama mwanamke mwenye shuka nyeusi ya ujane, anahema, viganja vyekundu kwa kamba.

Alikuwa Khotena.

Hapo watu wakachanganyikiwa kabisa. Khotena ni mjane wa Gostyata, aliyekuwa mkuu wa mia ya tatu, yaani kikosi cha mtaa wetu wa Soko. Gostyata alikufa vuli iliyopita kwenye kivuko cha Olkha, yeye na wanaume wengine thelathini na wanane, wakipigana na Walituania. Walikuwa wameshavuka mto. Nyuma yao ikapulizwa pembe ya kurudi nyuma, jeshi lote likageuka, nao wakaachwa ng'ambo peke yao wachinjwe. Na pembe hiyo ni moja tu katika mji huu. Inakaa shingoni mwa Mkuu wa Elfu, mtu tunayemchagua wenyewe kuongoza wanaume wote wanaoshika silaha. Mkuu wa Elfu wetu alikuwa Zavid.

Majira yote ya baridi Khotena alizunguka mlango kwa mlango akidai Zavid auawe. Jana barazani, Zavid aliposimama mbele ya watu akakataa kujitetea hata kwa neno moja, sauti ya kwanza kusema "Mtoni!" ilikuwa ya Khotena.

Na leo ndiye aliyezuia!

"Mama, umerukwa na akili?" mtu mmoja alimwuliza.

"Bado," alisema Khotena. "Ngojeni kidogo."

Sitawaficha jambo ambalo mjane mwenyewe analijua. Asubuhi hiyo hiyo, kengele za misa zilipokwisha, shemeji yake Radko alikuwa amekaa kwenye kizingiti na bakuli la uji wa shayiri. Radko ni mdogo wake Gostyata. Walituania walimtoboa macho pale Olkha, akarudi nyumbani ameshikwa mkono. Tangu siku hiyo anaishi kwa masikio.

Ghafla, kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Kilima wanakokaa wakubwa, ikasikika pembe ya kuwindia. Mtu alikuwa anafanya mazoezi. Bakuli la Radko likaanguka, uji ukamwagika magotini, naye hata hakuusikia moto wake.

"Shemeji," alisema. "Nani yule anayepuliza?"

Khotena akachungulia. "Ni Stanimir. Yuko roshani kwa mjomba wake Domazhir. Anajipima pumzi, si unajua leo ndiyo watamchagua Mkuu wa Elfu? Zavid hata hajafa!"

"Ndiye yeye."

"Yeye nani?"

"Aliyepuliza pale Olkha. Sikiliza mwisho wake. Pumzi inamkatikia, anaiba nyingine katikati, pembe inakwama halafu inaendelea. Nimeisikia sauti hiyo kila nikilala. Shemeji, nakuapia kwa kaburi la kaka yangu, si Zavid. Ni huyo."

Sasa fikirini. Mjane wa Soko na kipofu mmoja, dhidi ya mpwa wa Mkuu wa Mji. Nani angewasikiliza? Angesema hadharani, angechekwa, kisha angefuata njia ya Zavid kwenda chini ya daraja. Ilibidi mji mzima usikie kwa masikio yake wenyewe. Khotena alitupa shali begani, akakimbia.

Mnaelewa sasa kwa nini viganja vilikuwa vyekundu.

Watu walimiminika kutoka darajani hadi uwanjani. Domazhir alipanda ngazi za baraza, mpwa wake nyuma yake. Stanimir ni kijana mrefu wa miaka ishirini na minne, ndevu amezichana vizuri, buti za ngozi nyekundu, uso wa mtu ambaye hajawahi kunyimwa kitu. Zavid alibaki darajani na wale watumishi wanne.

"Haya, mjane," alisema Domazhir. "Umelivunja baraza. Sema, na useme upesi. Mto hausubiri."

Khotena alipanda ngazi mbili tu. Mjane anayeshika nyumba yake ana haki ya kusema barazani, ila wanawake wengi huogopa. Yeye hakuogopa. Alikuwa amejaa hasira mpaka hofu ikakosa pa kukaa.

"Sikuja kumtetea Zavid," alisema kwa sauti.

Umati ukanong'ona.

"Nimekuja kuwauliza, nyinyi wanaume, mna akili gani? Mnamtupa Mkuu wa Elfu mtoni kabla hamjachagua mwingine! Walituania wakitokea mchana huu, nani atapuliza pembe? Nani atawaita? Au mtatuita sisi wajane tushike mikuki, maana waume tumeshazika?"

"Kweli!" alipaza sauti Nezhka, muuza kvasi, kile kinywaji chetu cha mkate uliochacha, mwanamke mnene mwenye kibanda chake pale pale uwanjani. "Kweli kabisa! Wanafikiri kwa matumbo hawa!"

"Tumechagua jana kuua, tuchague kwanza wa kutuongoza," aliendelea Khotena. "Mnasema Stanimir. Haya! Mpeni Stanimir pembe. Sasa hivi, hapa, mbele yetu. Kisha mtupeni mnayetaka kumtupa."

Mzee Domazhir si mjinga. Amekuwa Mkuu wa Mji mara nne, na kila mara alipoangushwa alirudi. Alijua mjane wa Soko hawezi kuamka asubuhi moja akampenda mpwa wake.

"Hakuna haraka," alisema taratibu. "Tumalize la daraja kwanza. Pembe itapulizwa kesho, baada ya misa, kwa heshima zake zote."

"Kwa nini kesho?" alidakia Nezhka. "Kijana ana mafua?"

Watu wakacheka. Stanimir akawa mwekundu.

"Sina mafua," alisema.

"Nyamaza," alinong'ona mjomba wake.

"Basi ana meno mabovu!" alisema mtu kutoka nyuma. "Au midomo laini! Amezoea kubusu, hajazoea kupuliza!"

Kicheko kikapanda. Stanimir alisogea mbele. Domazhir alimkanyaga mguu, na mimi nilikuwa karibu, niliona buti jekundu likikandamizwa. Kijana akauvuta mguu wake kwa nguvu.

"Mjomba, wananicheka!"

"Waache wacheke, mpumbavu wewe."

"Mimi si mpumbavu!"

Jamani, kiburi cha vijana wa Kilima! Angetulia nusu saa tu, angeitwa Mkuu wa Elfu mpaka uzeeni. Lakini mtoto aliyelelewa na watumishi kumi na wawili hawezi kuvumilia muuza kvasi amcheke.

"Mnanitaka au hamnitaki?" alipaza sauti.

Hapa kwetu hatuhesabu mikono. Kura ni koo. Upande unaopiga kelele kushinda mwingine ndio umeshinda, na zikilingana, tunakwenda darajani kupigana. Watu wa Kilima walinguruma "Stanimir!" kwa sababu ni wao. Na sisi wa Soko? Khotena alitugeukia, akatuinulia mikono yote miwili kama anayeinua mzigo. Hatukuelewa. Lakini alikuwa mjane wetu, na wafu wake ni wafu wetu. Tukapiga kelele "Stanimir!" huku tukitazamana kama vichaa.

Ikawa sauti moja. Amechaguliwa.

Na ukishachaguliwa, unaivaa pembe, unaipuliza mara tatu kutoka ngazi za baraza, kisha unabusu msalaba. Bila kupuliza, kelele yote ile ni bure. Hata Domazhir hawezi kuizuia desturi hiyo, maana yeye mwenyewe alichaguliwa kwa desturi.

Pembe ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mnara tangu jana ilipovuliwa shingoni mwa Zavid. Ni pembe kubwa ya ng'ombe wa porini, mdomo wake una pete ya fedha. Stanimir aliichukua, akaivaa, akaifuta kwa mkono wa kanzu.

Wakati huo Khotena alikuwa ameshuka, amemshika Radko mkono na kumleta hadi mbele kabisa. Nyuma yao walisimama wanaume kumi na mmoja, wote waliorudi hai wa mia ya tatu. Mmoja hana mkono. Mmoja anachechemea.

Kule darajani watumishi nao walitaka kuona. Walimburuta Zavid kutoka katikati ya daraja, wakasogea naye taratibu kuelekea upande wetu, mpaka wakafika karibu na nguzo ya mwisho. Likumbukeni hilo.

Stanimir alipuliza mara ya kwanza. Safi. Njiwa waliruka kutoka paa la kanisa.

Mara ya pili. Safi tena. Domazhir alianza kupumua.

Mara ya tatu lazima iwe ndefu, ndefu kuliko zote. Stanimir alivuta pumzi, mashavu yakajaa, pembe ikalia, ikalia, ikalia, na karibu na mwisho ikakwama. Kitambo kidogo sana. Kwikwi ndogo, pumzi ya wizi, kisha ikaendelea.

Kisha yule mwanamume asiye na mkono akapiga magoti kwenye matope.

"Mungu wangu," alisema. "Ni ile ile."

"Ile ile!" alisema anayechechemea. "Nilikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, nikaisikia, nikasema, mbona leo Zavid anapuliza vibaya? Nilisema hivyo! Gostyata alinisikia, akasema geuza, geuza, halafu wakamchoma!"

Radko kipofu alitembea mbele bila kushikwa, mikono amenyoosha, mpaka akagonga ngazi.

"Wewe," alisema. "Wewe, mwenye buti mpya, nazisikia zinavyolia. Kwa nini ulipuliza?"

Stanimir alirudi nyuma hatua moja. Pembe ilikuwa bado mkononi.

"Jibu!" alipaza sauti Khotena. Hapo ndipo hasira yake ilipotoka yote. "Mjibu! Mume wangu alikuwa ng'ambo! Wote walikuwa ng'ambo! Uliwaona, ulikuwa juu ya farasi, ulikuwa unawaona migongo! Kwa nini ulipuliza?"

"Wanadanganya," alisema Domazhir haraka. "Kipofu na mjane! Pembe zote zinalia sawa!"

"Mimi si kipofu!" alisema yule asiye na mkono.

"Niliogopa!" alilia Stanimir ghafla. "Farasi wao walikuwa wengi! Hamkuwaona nyinyi! Walitoka msituni, wengi, wengi, nami niliogopa, nikapuliza, basi!"

Basi. Wanaume thelathini na tisa, na neno lake ni basi. Nimewahi kuona uwanja ule ukighadhibika mara nyingi, kwa chumvi, kwa samaki, kwa padri mlevi. Sijawahi kuuona vile. Hata watu wa Kilima hawakumtetea, kwa sababu nao walikuwa na watoto katika lile jeshi lililogeuzwa nyuma kwa aibu.

Domazhir aliona mambo yameharibika. Lakini akawaza, na hilo namjua nalo, kwamba Zavid akifa sasa hivi, hakutakuwa na mtu wa kuulizwa zaidi. Alivua kofia yake ya manyoya, akaipunga juu mara mbili kuelekea darajani.

"Anawapa ishara!" alipiga kelele Nezhka. "Khotena hajamaliza kusema! Kengele bado! Mzee mshenzi wewe, kengele bado!"

Tulikimbia. Tulichelewa. Watumishi wanne walimwinua Zavid, mikono yake ikiwa bado imefungwa, wakamtupa juu ya ukingo. Tulisikia barafu ikipasuka.

Khotena alisimama penye ukingo wa daraja na mikono kichwani. Yeye ndiye aliyemtaka mtu huyu afe, jana tu. Sasa alikuwa analia kwa hasira. "Si leo! Si kwa kosa hili! Si kwa kosa la mwingine!"

Maji yalichemka povu. Pande la barafu likapita. Jingine likapita.

Kisha Zavid akasimama.

Akasimama wima, maji yamemfika kifuani, ametema tope, na neno la kwanza lililomtoka siwezi kuliandika gazetini.

Nezhka aliinama juu ya ukingo akacheka mpaka machozi. "Wamemtupa kwenye beseni letu! Wanaume wa Kilima, oneni! Hapo ndipo ninapofulia mashuka!"

Ndiyo hivyo. Kila mtu wa Soko anajua kwamba chini ya nguzo ya mwisho pana fungu la mchanga. Mama zetu wanafulia pale tangu enzi. Lakini watumishi wa Kilima hufuliwa nguo na watu wengine, wangejuaje? Wangemtupa katikati ya daraja, leo tungekuwa tunasimulia matanga.

Zavid alitembea mpaka ukingoni, midomo ya bluu, kifua kikitoka mvuke. Mtu ambaye mto umemrudisha hagusiki tena kwa kosa alilohukumiwa. Hiyo pia ni sheria, na ni ya zamani kuliko kanisa. Wanaume wakamkata kamba, wakamvika koti la manyoya, wakambeba mabegani hadi ngazi za baraza.

Nusu ya umati ilikuwa imeshaanza kupanda Kilima na magunia kwenda kuipora nyumba ya Domazhir, kama tunavyofanya kila Mkuu wa Mji anapoanguka. Mwenyewe alikuwa ameshikwa kola na wanaume wawili, kofia imepotea, upara unang'aa. Stanimir alikalishwa chini ya mnara kama mzigo.

"Zavid!" walipiga kelele waliobaki. "Zavid Mkuu wa Elfu! Zavid!"

Ikawa kelele ya pande zote mbili za mto, kelele ya furaha na aibu pamoja. Jana tulitaka afe. Leo tulitaka atusamehe, na njia tunayoijua ya kuomba msamaha ni kumpa mtu cheo.

Khotena aliivua pembe shingoni mwa Stanimir. Hakumgusa zaidi ya hapo. Alipanda ngazi nayo, kwa sababu wote tulisema ni yeye anayestahili kumvisha. Zavid aliinamisha kichwa. Alikuwa mfua vyuma, mtu wa shingo nene na maneno machache, wa kwanza kutoka Soko kushika cheo hicho katika miaka sitini. Tulimpenda. Nasema kweli, tulimpenda.

"Nisamehe, baba," alisema Khotena kwa sauti ndogo. "Nilikutukana mlango kwa mlango."

"Yameisha, mama," alisema Zavid. Hakumtazama.

"Yameisha?" Sauti ilitoka chini ya mnara. Stanimir alikuwa amesimama, kamasi zimechanganyika na ndevu. "Yameisha kwake, mimi ndio mnaniua! Mwulizeni basi! Mimi sikuiba pembe! Mwulizeni niliipataje!"

"Funga mdomo!" alisema Domazhir, na safari hii aliomba, hakuamuru.

Mikono ya Khotena ilikuwa imeshaiinua pembe juu ya kichwa cha Zavid. Ikabaki pale juu.

Polepole akaishusha.

"Ulibusu msalaba," alimwambia. "Nilikuwepo. Gostyata aliniinua nione. Ulisema pembe haitatoka shingoni mwako ila ukifa au mji ukikuvua."

Zavid aliinamisha kichwa zaidi.

"Kule Olkha ulikuwa hai," alisema Khotena. "Mji haukukuvua. Huyu kijana aliipataje?"

Maji yalidondoka kutoka ndevu za Zavid kwenye mbao za ngazi.

"Nilimpa," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Nilimpa!" Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Domazhir aliniomba. Siku moja tu, akasema. Kijana aonekane nayo mbele ya jeshi, watu wamzoee, ili siku moja wamchague. Nami ningemnyima vipi? Nilipochaguliwa, Soko peke yake halikutosha. Ni watu wake wa Kilima waliopiga kelele mpaka nikashinda. Bila yeye ningekuwa bado napiga misumari. Ilikuwa siku moja, Khotena. Siku moja!"

"Na jana ulipoulizwa?"

"Ningesema nini? Kwamba nimevunja kiapo? Niliona heri nife na kosa la mtu kuliko niseme hilo."

"Ukaona heri," alisema Khotena. "Majira yote ya baridi tunagombania wafu wetu, hatujui nani kawaua, nawe unajua. Unapita mbele ya nyumba yangu, unanisalimu, unajua."

Wanaume waliombeba mabegani walitazama viatu vyao. Yule asiye na mkono alitema mate chini, akageuka.

"Mto umenirudisha," alisema Zavid kwa sauti iliyokauka. "Sheria inasema sigusiki tena."

"Kwa kosa la kupuliza pembe, hugusiki," alisema Khotena. "Hilo halikuwa lako, na mto umejua. La kiapo hujahukumiwa."

Aliivaa pembe shingoni mwake mwenyewe, juu ya shuka ya ujane, na pete ya fedha ikagonga kifua chake. Alimwacha Zavid amepiga magoti kwenye ngazi, akashuka katikati yetu, nasi tukampisha njia. Alitembea moja kwa moja hadi chini ya mnara, akatemea viganja vyake vilivyochubuka, akaishika kamba ya kengele.